Kaleso na Namikonga: Jeni, Majina ya Mbegu na Wajibu wa Wanakiswahili

Wahenga walinena kwamba ukiona vyaelea, vimeundwa. Methali hii aghalabu hunasibishwa na vyombo vya baharini, na wakazi wa Msambweni, ambao ni watu wa bahari na wa shamba kwa wakati mmoja, hawahitaji kufafanuliwa maana yake. Hata hivyo, ni wachache wanaoikumbuka methali hiyo wanapoutazama muhogo. Muhogo huonekana kuwa mmea uliojiotea tu: kipande cha mti huchomekwa mchangani, mvua hunyesha, na baada ya miezi kadhaa chakula hupatikana. Ukweli ni kwamba baadhi ya mihogo inayostawi katika pwani ya Kenya imeundwa kwa ustadi usiopungua ule wa fundi wa jahazi. Ilichukua miaka, ilivuka mipaka, na iliingizwa damu ya mti mwingine kabisa. Jambo la kusikitisha ni kwamba historia hiyo imehifadhiwa kwa lugha ambayo mwenye shamba haisomi, ilhali wanaoimudu lugha yake hawajaiona kuwa kazi yao.

Makala haya yanashikilia kwamba utafiti wa jeni za mimea, hata ukiwa bora kiasi gani, hubaki nusu ya kazi mpaka uwekwe katika lugha ya mkulima. Na kwamba nusu iliyosalia ni ya wanakiswahili.

Inafaa kuanza na hali ilivyo. Sehemu kubwa ya ukanda wa Msambweni ina udongo wa kichanga uliolalia mawe ya matumbawe, udongo usiohifadhi maji kwa muda mrefu. Mkulima hutegemea mvua za masika na za vuli, na mvua hizo zimezoea kuvunja ahadi. Kati ya mwishoni mwa 2020 na mwishoni mwa 2022, misimu mitano ya mvua ilishindwa kwa mfululizo katika maeneo makame ya Kenya, na kaunti ya Kwale ilikuwa miongoni mwa zilizoathirika. Katika hali kama hiyo mahindi hunyauka yakiwa bado hayajabeba. Muhogo hufanya vingine. Hewa inapokauka, hufunga vitundu vidogo vya majani yake ili maji yasipotee. Ukame unapozidi, hudondosha baadhi ya majani na kungoja. Mvua inaporudi, huchipua upya. Ndiyo maana katika nyumba nyingi za pwani muhogo ni akiba iliyozikwa ardhini, na kisamvu ni kitoweo kisichohitaji kwenda sokoni.

Akiba hiyo, hata hivyo, ina mwizi wake. Ugonjwa wa michirizi ya kahawia huenezwa na nzi weupe, na vilevile na vipande vya miti ambavyo majirani hupeana kwa ajili ya kupanda. Ukatili wa maradhi haya umo katika kujificha kwake. Shina huweza kusimama na majani yakapendeza kwa mbali, kumbe chini mizizi imeshaoza na kugeuka rangi ya kahawia, imekauka kama gome. Mkulima hubaini hasara yake siku ya kung'oa, yaani siku ambayo alikuwa amekwisha kuhesabu chakula cha watoto. Isitoshe, ukarimu wenyewe hugeuka kuwa chombo cha maradhi: mkono unaomgawia jirani mbegu ndio humgawia ugonjwa, bila ya yeyote kati yao kujua.

Maradhi hayo si mageni. Yalielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza mnamo 1936 na H. H. Storey, mtafiti aliyekuwa katika kituo cha Amani, kwenye milima ya Usambara Mashariki nchini Tanganyika. Kituo hicho kilianzishwa na Wajerumani mnamo 1902, kisha kikaangukia mikononi mwa Waingereza. Kwa anayeishi Msambweni, Amani si mbali: ni kuvuka mpaka wa Lunga Lunga, kupita Tanga na kupanda milimani. Huko, katika miaka ya 1930, Storey na wenzake walianza kazi iliyowashangaza wengi. Walipoona kwamba mihogo ya kawaida haina kinga ya kutosha dhidi ya batobato na michirizi ya kahawia, waliipandisha na jamaa yake wa mbali, mti wa mpira wa Ceara kutoka Brazili, ambao mizizi yake hailiki kama muhogo. Mimea iliyozaliwa ilikuwa na kinga lakini haikuwa na mizizi ya kufaa. Kwa hiyo waliirudisha tena na tena kwa muhogo, kizazi baada ya kizazi, wakichagua ile iliyobaki na kinga ya mpira na utamu wa muhogo. Kazi hiyo iliendelea hadi miaka ya 1950, na baadhi ya mbegu zake zilipelekwa Nigeria, ambako zilikuja kuwa msingi wa aina nyingi za muhogo zilizosambazwa Afrika nzima.

Miongoni mwa watoto wa Amani kulikuwa na mmoja aliyeandikwa katika daftari za watafiti kwa namba 46106/27. Namba hiyo haikusafiri. Kilichosafiri ni kipande cha mti, kutoka mkono hadi mkono, na kila alikofika mtoto huyo watu walimpa jina. Katika pwani ya Kenya aliitwa Kaleso. Nchini Tanzania aliitwa Namikonga. Kituo kilibadilisha shughuli, wakoloni wakaondoka, daftari zikahifadhiwa katika makabati; lakini Kaleso iliendelea kupandwa na wakulima ambao hawakuwahi kusikia habari za Storey. Waliiendeleza kwa sababu moja tu: mizizi yake ilikuwa haiozi kama ya mihogo mingine.

Mnamo 2004 ugonjwa wa michirizi ya kahawia, ambao kwa miongo mingi ulidhaniwa kuwa wa ukanda wa chini wa pwani, ulizuka nchini Uganda katika maeneo ya juu, kisha ukaenea katika nchi za Maziwa Makuu. Watafiti wakaanza kusaka kinga kwa bidii. Waligeukia wapi? Waligeukia Namikonga, waligeukia Kaleso. Katika miaka ya 2010, wachunguzi walipolinganisha alama za kijenetiki za aina hizo mbili, walikuta kwamba ni mmea mmoja. Kaleso ni Namikonga, na Namikonga ni Kaleso. Uchambuzi wa jenomu nzima ya muhogo uliochapishwa mnamo 2016 ulikwenda mbali zaidi: ulionyesha vipande vya urithi wa mpira wa Ceara vikiwa bado vimo ndani ya mihogo ya Afrika, vimekaa pale vilipowekwa na mikono ya Amani.

Hapa ndipo mwanakiswahili anapopaswa kusimama na kutafakari. Nchi mbili jirani, zinazozungumza lugha moja, zilikuwa na mbegu ileile kwa zaidi ya nusu karne, na ililazimu maabara kuthibitisha kwamba ni moja. Je, hapakuwa na njia nyepesi zaidi? Lau kungekuwako orodha ya majina ya mihogo ya pwani, kuanzia Lamu hadi Mtwara, yenye jina la kila mahali, sifa za majani, rangi ya shina, ladha, na simulizi ya ilikotoka, shaka hiyo ingeanza kuulizwa mapema. Orodha kama hiyo si kazi ya maabara. Ni kazi ya isimu: ni leksikografia, ni uchunguzi wa lahaja, ni ukusanyaji wa fasihi simulizi. Ni kazi ambayo mwanafunzi wa shahada ya kwanza mwenye daftari na viatu vya kutembelea angeweza kuianza.

Huenda mtu akasema kwamba mfano huu unathibitisha kinyume: kwamba majina ya wakulima ndiyo yaliyoleta utata, na kwamba namba ya mtafiti ingetosha. Hoja hiyo ina uzito, lakini ni ya upande mmoja. Ni kweli kwamba majina mawili yalificha umoja wa mbegu. Hata hivyo, ni majina hayo hayo yaliyoiweka mbegu hai. Mkulima hawezi kumwomba jirani yake kipande cha 46106/27, humwomba Kaleso. Jina ndilo linalomwezesha kuitofautisha, kuisifu, kuikataa, kuihifadhi na kumwachia mwanawe. Namba ilitunza ukoo wa mbegu katika karatasi. Jina liliutunza uhai wake ardhini. Kinachohitajika si kuchagua kimojawapo, bali kuviunganisha.

Watafiti wenyewe wameanza kulitambua jambo hili. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Mtwapa, ambacho zamani kilikuwa chini ya KARI na sasa kimo chini ya KALRO, kiliwapa wakulima wa pwani mbegu mpya za muhogo ambazo majina yake yangefaa kufundishwa katika darasa la mofolojia: Tajirika, Shibe, Karembo, Karibuni, Siri na Nzalauka. Tajirika ni kitenzi katika hali ya kuamuru. Karembo limebeba kiambishi cha udogo ka-, ambacho wasanifishaji walikipuuza lakini wasemaji wa Kenya hawajakiacha. Nzalauka ni sentensi kamili katika lugha za Mijikenda: njaa inaambiwa iondoke. Anayeipanda Msambweni, ambako Chidigo ndicho kinachosikika nyumbani, huipanda pamoja na dua yake.

Pamoja na uzuri huo, majina haya yana tofauti na yale ya zamani. Chukua Kibandameno, muhogo unaopendwa sana pwani kwa utamu na kwa kukomaa mapema, japo hushambuliwa kwa urahisi na maradhi. Jina hilo halikubuniwa ofisini; kila alisikiaye husikia meno ndani yake, na kinywani ndipo muhogo huhukumiwa. Majina ya wakulima hutaja walichokiona na walichokionja. Majina ya vituo hutaja kinachoahidiwa. Mkulima akipanda Tajirika na asitajirike, jina litamcheka. Akipanda Shibe na mizizi ikakataa kulainika jikoni, ataiacha, hata kama jeni zake zina kinga maridhawa. Hii ndiyo sababu Kibandameno bado ipo mashambani pamoja na udhaifu wake. Maabara hupima kinga. Jiko hupima utamu, ulaini, na kama muhogo utakubali nazi. Vipimo vya jiko vina istilahi zake, na istilahi hizo ni za Kiswahili na Chidigo. Mtafiti asiyezijua hawezi hata kuuliza swali linalofaa.

Suala hili linakuwa zito zaidi katika mjadala wa jeni unaoendelea nchini. Ulimwenguni kote wanasayansi wanatafuta mimea itakayostahimili ukame, joto na maradhi. Mfano unaotajwa mara nyingi ni soya: jenomu yake ilichapishwa mnamo 2010, na huko Ajentina watafiti waliihamishia jeni ya alizeti ili istahimili uhaba wa maji, wakapata idhini ya masharti mnamo 2015, hadi China ilipokubali kuinunua mnamo 2022. Soya ina matajiri wa kuigharamia. Muhogo ni zao la maskini, lakini nao haukuachwa. Watafiti wa Kenya, Uganda na Marekani walishirikiana kuuingizia muhogo kipande cha urithi wa kirusi chenyewe, ili mmea ujifunze kukitambua na kukizima. Mnamo Juni 2021 Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama wa Kibayoteknolojia ya Kenya iliidhinisha muhogo huo kwa majaribio ya wazi. Nao una namba: 4046.

Je, mkulima wa Msambweni aliambiwa nini kuhusu 4046, na kwa maneno gani? Katika mazungumzo ya kila siku, neno linalosikika ni GMO, herufi tatu ambazo wengi huzitumia kumaanisha chochote kinachotisha: mbolea ya dukani, kuku wa kizungu, mahindi ya msaada. Marufuku ya Novemba 2012 dhidi ya uingizaji wa vyakula hivyo, kuondolewa kwake na Baraza la Mawaziri mnamo Oktoba 2022, na mashauri yaliyofuata mahakamani, yote yalizungumziwa kwa herufi hizo tatu. Mtu huweza kuunga mkono au kupinga bila kujua anachokiunga mkono au kukipinga.

Kiswahili hakikosi maneno ya kutenganisha mambo haya. Yapo matendo matatu, na kila tendo lina kitenzi chake. La kwanza ni kupandisha, yaani kuzalisha mmea mmoja na mwingine kwa chavua na kuchagua watoto wanaofaa. Ndivyo ilivyozaliwa Kaleso. La pili ni kuhamisha jeni, yaani kukichukua kipande cha urithi kutoka kiumbe kimoja na kukitia katika kingine maabarani. Ndivyo ilivyoundwa 4046. La tatu ni kuhariri jeni, yaani kubadilisha herufi chache za urithi wa mmea palepale zilipo, jambo ambalo Kenya ililitolea mwongozo wake mnamo 2022. Anayeyajua matendo hayo matatu anaweza kulikubali moja na kulikataa jingine kwa sababu zake. Anaweza pia kugundua kwamba mpaka baina ya "asili" na "isiyo ya asili" si mnyoofu kama anavyohubiriwa, kwa maana katika Kaleso, ambayo hakuna aliyeiogopa, umo urithi wa mti wa mpira. Asiyeyajua amebakiwa na hofu au upofu wa kuamini, na vyote viwili ni washauri wabaya.

Tatizo, basi, si upungufu wa lugha. Mapema mnamo 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia. Tatizo ni kwamba istilahi hubaki vitabuni na kugombana zenyewe kwa zenyewe. Huyu husema jeni, yule kinasaba, wa tatu chembe za urithi. Na katika makongamano ya Kiswahili mjadala huishia kwenye swali la lipi ni sanifu zaidi, wala hausogei hadi kwenye swali la lipi limeeleweka Msambweni. Istilahi isiyopimwa kwa msemaji ni kama mbegu isiyopimwa kwa udongo.

Wapo watakaodai kwamba mkulima hahitaji istilahi, bali mbegu bora. Dai hilo linapendeza masikioni mwa wenye haraka, lakini linamgeuza mkulima kuwa mpokeaji tu. Katiba ya Kenya ya 2010 haimwoni hivyo. Ibara ya 7 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Ibara ya 11 inalitaka Bunge litunge sheria ya kutambua na kulinda umiliki wa mbegu za kiasili, sifa zake za kijenetiki, na matumizi yake na jamii za Kenya. Ibara hizo mbili zikisomwa pamoja, mtu hujiuliza: jamii italindaje umiliki wa mbegu ambayo jina lake halikuandikwa popote? Haki ya kumiliki huanza na uwezo wa kutaja. Mbegu isiyo na jina katika kumbukumbu ni rahisi kuchukuliwa, kupewa namba, na kurudishwa dukani kama mgeni.

Vyama vya Kiswahili vya vyuo vikuu vina uwezo wa kufanya mambo matatu bila kusubiri fedha kubwa. Kwanza, wanafunzi, hasa wa vyuo vya pwani, wayakusanye majina ya mihogo, kunde, mpunga na minazi katika vijiji vyao, pamoja na maelezo ya wazee na akina mama kuhusu kila aina, na orodha hizo zipelekwe kwa watafiti wa Mtwapa. Hapa Chidigo kipewe heshima sawa na Kiswahili sanifu, kwa maana mbegu haikupewa jina katika usanifu. Pili, vyama hivyo vidai kwamba kila tangazo la umma linalohusu mimea iliyohamishiwa jeni litolewe kwa Kiswahili kinachoeleweka, na vijitolee kukihakiki Kiswahili hicho kabla hakijachapishwa. Tatu, wahadhiri wazihesabu kazi za aina hii kuwa utafiti halali wa isimu, zipate alama na shahada, badala ya kuonekana kama upotoshwaji wa mwanafunzi kutoka fasihi hadi kilimo.

Jina jema, husemwa, hung'aa gizani. Muhogo uliopewa namba 46106/27 ulipata majina mawili mazuri kutoka kwa watu ambao hakuna aliyewauliza maoni yao, na majina hayo yakauokoa. Muhogo wenye namba 4046 ulikwishapata idhini ya kwanza. Ukifika siku moja katika mchanga wa Msambweni, utakataliwa au utapokewa, na ukipokewa utapewa jina. Wanakiswahili wakiwapo wakati huo, daftari mkononi, jina hilo litaandikwa pamoja na sababu zake. Wasipokuwapo, huenda nusu karne nyingine ipite kabla ya maabara kugundua kile ambacho mama mmoja wa Kwale alikuwa akikijua siku zote.